Buti Lisilokaguliwa Gwarideni

Kila asubuhi, kabla jua halijapata ukali, askari husimama katika mstari, na afande hupita mbele yake akimtazama kuanzia kofia hadi miguu. Buti lililochakaa huonekana mara moja. Kamba iliyolegea hukemewa, kisigino kilicholika hupelekwa kwa fundi viatu, na ngozi isiyong'arishwa humletea mwenyewe adhabu ndogo ambayo hataisahau upesi. Sababu ya ukali huo twaijua sote. Askari mwenye buti bovu hawezi kutembea maili ishirini, na asiyeweza kutembea hawafai wenzake siku ya shida.

Lakini liko buti jingine katika kambi zetu na vituo vyetu vya polisi ambalo haliitwi gwarideni. Buti hilo huvaliwa na gari. Ni kifuniko cha mpira mweusi kinachovikwa kiungo cha ekseli nyuma ya gurudumu la mbele, na mafundi wamelipa jina lile lile la kiatu cha askari. Katika makala haya twataka kulizungumzia buti hilo, na hasa jambo moja dogo ambalo madereva wengi wa pikapu za doria wamewahi kuliona: alama ya grisi nyeusi upande wa ndani wa rimu, si nyingi, ya kuchafua kidole tu. Je, gari lisimame au liende? Swali hilo laonekana dogo. Sisi twaliogopa, kwa sababu tumeona jibu lake likitolewa kwa haraka, na tumeona gharama ya haraka hiyo.

KISA CHA MTO MKAVU

Kisa chenyewe tulikishuhudia Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, wakati wa kiangazi, majira ambayo mito ya huko hukauka na kuacha njia pana za mchanga. Kituo kilikuwa mbali na mji, na gari lilikuwa moja tu, pikapu yenye nguvu ya magurudumu manne. Asubuhi moja dereva, kijana mwenye cheo cha koplo, alitoka chini ya gari akiwa na doa jeusi kiganjani, akamwendea sajini aliyesimamia usafiri.

"Afande, gurudumu la mbele kushoto linarusha grisi."

"Gari linakwenda?"

"Linakwenda, afande."

"Basi liende. Grisi si damu."

Waliokuwa karibu walicheka, na koplo naye akacheka. Hakuandika neno katika daftari la gari, kwani aliona jambo limekwisha kuamuliwa. Baada ya hapo pikapu ilifanya doria kwa muda wa wiki saba, katika vumbi linaloingia hata ndani ya mkebe wa sukari. Wiki ya tano koplo alianza kusikia mlio, ta-ta-ta-ta, kila alipokata kona kali akiwa amekanyaga mafuta. Safari hii hakumwambia mtu. Alikwisha kuchekwa mara moja.

Usiku mmoja wa wiki ya saba askari mwenzao alishikwa na malaria kali, akaanza kuweweseka. Alipakiwa garini apelekwe hospitali. Walipofika katika mto mkavu, dereva aliweka magurudumu yote manne kazini, akaingia mchangani, akakata usukani hadi mwisho ili kuukwepa mti ulioangushwa na mafuriko ya zamani. Mlio mmoja mkubwa ukasikika, kama chuma kilichopigwa kwa nyundo, na magurudumu ya mbele yakaacha kuvuta. Yale ya nyuma yalijichimbia mchangani hadi ekseli ikalala chini.

Tulimbeba mgonjwa juu ya turubai, watu wanne kwa zamu, hadi barabara kuu, na lori la mahindi likamfikisha hospitali jua likichomoza. Alipona, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hakuna kati yetu aliyesahau zile saa tano za kutembea gizani, tukisikiliza pumzi za mtu ambaye gari lilikuwepo la kumbeba.

BUTI HILI NA KAZI YAKE

Ili kuelewa kilichovunjika usiku ule, yafaa kwanza kufahamu kilichomo ndani ya buti. Nguvu ya injini ikiisha kupita katika giaboksi na kufika kwenye difu ya mbele, husafirishwa hadi magurudumuni na shafti mbili, moja kushoto na moja kulia. Magurudumu ya mbele yana kazi mbili kwa wakati mmoja: huvuta gari, na hugeuka kulia na kushoto kwa amri ya usukani. Tena hupanda na kushuka kila yanapokanyaga jiwe au shimo. Shafti iliyonyooka kama fimbo isingeweza kuyafuata. Kwa hiyo kila shafti ina viungo viwili, kimoja upande wa difu na kingine upande wa gurudumu, mfano wa nyonga na kifundo cha mguu.

Kiungo cha kawaida chenye umbo la msalaba, kile kinachotumika katika propela ya lori, hakifai mahali hapa. Kikikunjwa kwa pembe kubwa hakizunguki kwa mwendo ulio sawa. Katika kila mzunguko mmoja hukimbia mara mbili na kuchelewa mara mbili, na mikono ya dereva ingetetemeshwa na usukani katika kila kona. Dawa ya tatizo hilo ilipatikana katika miaka ya 1920, wakati mhandisi Alfred Rzeppa alipobuni kiungo chenye gololi sita za chuma zinazokaa katika mifereji iliyochongwa, hata mwendo unaoingia ukawa sawa na mwendo unaotoka, kiungo kiwe kimenyooka au kimekunjwa. Gari dogo la kijeshi la Jeep, lililoundwa kwa maelfu kati ya 1941 na 1945, lilitumia viungo vya namna hiyo na vya aina nyingine chache za ukoo huo, navyo vilifichwa ndani ya mpira wa chuma uliofungwa. Gari la Mini lililotoka Uingereza mwaka 1959 ndilo lililokifanya kiungo cha Rzeppa kuwa cha kawaida katika magari ya watu wote, na tangu hapo vifuniko vya mpira vyenye mikunjo kama ya kinanda cha mkono vimeenea duniani, hadi katika pikapu zetu za doria.

Gololi hizo hubeba nguvu yote ya gurudumu juu ya sehemu ndogo sana ya chuma. Bila grisi zingekwaruzana na kuungua. Grisi yake si ile ya kupaka popote. Mara nyingi ni nyeusi au ya kijivu, kwa kuwa imechanganywa na molibdenamu, unga laini ambao hubaki juu ya chuma hata pale msukumo unapoisukuma grisi yenyewe pembeni. Buti lina kazi mbili: kuizuia grisi isitoke, na kuzuia vumbi na maji visiingie. Hufungwa kwa klipu mbili za mkanda wa chuma, kubwa juu ya kikombe cha kiungo na ndogo juu ya shafti.

Hapa ndipo tunapoomba msomaji atulie kidogo. Wengi hudhani kwamba ubaya wa buti linalovuja ni grisi inayopotea. Huo ni ubaya wa pili. Ubaya wa kwanza ni kile kinachoingia. Grisi iliyochanganyika na mchanga haiwi tena grisi, bali huwa dawa ya kusagia chuma, na kila mzunguko wa gurudumu huila mifereji ya gololi kidogo kidogo. Sajini wetu alipouliza kama gari linakwenda, aliuliza swali lisilo na msaada. Gari lenye mchanga katika kiungo hukwenda vizuri kabisa, mpaka siku lisipokwenda.

JE, NI GRISI YA BUTI?

Hata hivyo tusiwe watu wa kuogopa kila doa. Tumewahi kuona kosa lililo kinyume cha lile la sajini. Katika karakana moja fundi mwenye bidii aliona unyevu mdogo wa grisi kwenye mdomo wa buti jipya, akafungua ekseli nzima juu ya ardhi ya vumbi, akaiosha kwa mafuta machafu, akajaza grisi ya bearingi za magurudumu, akafunga. Kiungo kilichokuwa kizima aliingia nacho akakitoa kibovu. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, yatupasa kutazama na kutambua.

Lisimamishe gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe au vigogo mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kata usukani hadi mwisho upande mmoja, na mikunjo ya buti la nje itafunguka mbele ya macho yako. Kisha kata upande wa pili. Kama ni lazima kuingia chini, gari lilale juu ya stendi za chuma, wala si juu ya jeki peke yake. Wengi wamepoteza maisha kwa kuiamini jeki.

Tazama kwanza grisi iko wapi. Buti lililopasuka huirusha grisi kwa mzunguko wa shafti, nayo huacha mstari kuzunguka upande wa ndani wa rimu, juu ya springi na chini ya bodi. Klipu iliyolegea haifanyi hivyo kwa kawaida. Hutoa pete ya grisi kwenye mdomo wa buti, na vumbi huishikilia hapo hapo. Kisha finya mikunjo kwa vidole, mmoja baada ya mwingine. Nyufa hupenda kuanzia ndani ya mabonde ya mikunjo, mahali ambapo jicho halifiki mpaka mpira ukunjuliwe.

Tazama pia kilichotoka ni nini. Grisi ya kiungo ni nzito, nyeusi, na hung'ang'ania kidole. Mafuta ya difu ni mepesi, hutiririka, na yana harufu kali inayokumbusha kiberiti. Yakionekana kwenye mzizi wa shafti, mwenye kosa ni sili ya difu wala si buti. Mafuta ya shokabsoba hushuka juu ya mwili wa shokabsoba yenyewe. Mafuta ya breki ni mepesi na huharibu rangi ya gari. Hayo yakionekana kwenye gurudumu hakuna mjadala tena: gari lisiondoke hata kwenda kuteka maji, kwa kuwa kiungo cha ekseli kikiharibika gari hukwama, bali breki zikikosekana gari haliwezi kusimama.

DARAJA TATU

Baada ya kutambua kwamba ni grisi ya buti, twaweza kuligawa tatizo katika daraja tatu, na kila daraja lina dawa yake.

Daraja la kwanza ni jasho. Buti ni zima, mikunjo haina ufa, kiungo hakina mlio, lakini mdomoni pana unyevu wa grisi. Huenda fundi alijaza grisi kupita kiasi na ile ya ziada inatafuta njia, au klipu imelegea, au mdomo wa buti haukukaa sawasawa katika mfereji wake. Futa kwa tambara kavu hadi paonekane safi, andika katika daftari tarehe na usomaji wa maili au kilomita, kisha tazama tena baada ya safari ya siku moja. Kama pamebaki safi, endelea na kazi na utazame kila wiki. Kama pameloa tena, badilisha klipu. Kabla ya kuikaza klipu ndogo, inua kidogo mdomo wa buti kwa kitu kisicho na makali ili hewa ipite. Buti lililofungwa bila kupumua hujinyonya ndani, mikunjo ikasuguana hadi ikapasuka. Wala usisafishe mpira kwa petroli, kwani petroli huuvimbisha na kuulegeza.

Daraja la pili ni ufa. Mpira umepasuka kwa uzee na joto, au umechanwa na jiwe, mwiba au waya, lakini kiungo bado hakijalia. Huu ndio wakati wa thamani kuliko nyakati zote. Bei ya buti na pakiti yake ya grisi ni sehemu ndogo ya bei ya shafti nzima, na wakati huo hautarudi. Shafti itolewe, kiungo kifunguliwe mahali safi, grisi ya zamani iondolewe yote, gololi na mifereji ioshwe na kukaushwa kabisa. Fundi aipake grisi mpya kati ya vidole vyake: akihisi chembe za mchanga, usafishaji haujaisha. Aitazame mifereji kwenye mwanga. Ikiwa na mashimo au ngazi inayokwaruza ukucha, kiungo hicho kimekwisha na buti jipya halitakiponya. Grisi iwe ile ya viungo yenye molibdenamu, kwa kiasi kilichokuja pamoja na buti. Nati ya habu ikazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari hilo, na pini yake iwe mpya.

Yapo pia mabuti yaliyokatwa upande mmoja, ambayo huvikwa bila kuitoa shafti kisha hufungwa kwa gundi au kwa skrubu. Hatuyadharau, yameokoa safari nyingi. Ila tuyachukue kama bandeji, yatufikishe kwenye karakana.

Daraja la tatu ni mlio. Ukisikia ta-ta-ta katika kona, kiungo cha nje kimekwisha kulika. Ukihisi gari likitetemeka unapoongeza mwendo katika njia iliyonyooka, mtuhumiwa wa kwanza ni kiungo cha ndani. Kubadilisha buti wakati huo ni sawa na kumvika mtu soksi mpya juu ya mguu uliovunjika. Kiungo au shafti nzima ibadilishwe, na mpaka hapo gari lisipangiwe safari ambayo maisha ya mtu yanaitegemea. Kiungo kikivunjika, difu ya kawaida huipeleka nguvu upande uliokatika, mahali pasipo upinzani, na gurudumu zima la upande wa pili nalo halivuti tena. Ndiyo maana pikapu yetu ilizama mtoni ingawa gurudumu moja tu la mbele ndilo lililopatwa. Tena shafti iliyokatika yaweza kuzunguka ovyo na kuukata mpira wa breki ulio jirani yake.

UKIWA MBALI NA KARAKANA

Askari hachagui mahali gari litakapoharibika. Ikiwa ufa umeonekana porini, na safari haina budi kuendelea, liko la kufanya. Pangusa vumbi lote nje ya buti kabla hujagusa ufa, usije ukalisukuma ndani kwa mikono yako mwenyewe. Ongeza grisi uliyo nayo; katika dharura hata ya bearingi ni bora kuliko chuma kikavu, ila umwambie fundi ulipofika ili aitoe yote. Kata ukanda wa tyubu ya zamani, uzungushe juu ya ufa mara kadhaa, ufunge pande zote mbili kwa vikanda vya nailoni au waya laini, ncha za waya zikielekea mbali na mpira. Hakikisha usukani waweza kukatwa bila kuichana bandeji hiyo.

Kisha endesha kwa upole. Usikate usukani hadi mwisho huku umekanyaga mafuta, usiingie majini kama njia nyingine ipo, na toa nguvu ya magurudumu manne unapokuwa kwenye ardhi ngumu. Kama habu za mbele zina vifungio vya mkono, vifungue: magurudumu yatazunguka lakini shafti itatulia, na kiungo kitapumzika hadi kituoni.

MAGARI YASIYO NA BUTI LA MPIRA

Wako madereva watakaosema kwamba gari lao halina buti la namna hii, nao watakuwa wamesema kweli. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, zina ekseli nzima ya mbele, na kiungo chake kimefichwa ndani ya mpira wa chuma kama Jeep ya zamani. Malori mengi ya jeshi yenye nguvu mbele yamejengwa kwa mtindo wa jamaa hiyo. Hapa askari wa zamu ni sili inayoupangusa mpira wa chuma kila gurudumu linapogeuka.

Utando mwembamba wa grisi juu ya mpira huo si ugonjwa. Bali ukiona uji mweusi unaotiririka hadi kwenye rimu, fahamu kwamba huenda sili ya ndani imekufa, na mafuta mepesi ya difu yameingia na kuiyeyusha grisi. Kubadilisha sili ya nje peke yake hakutasaidia kitu. Pima mafuta ya difu, na umweleze fundi kwamba tatizo linatoka ndani. Baada ya kuvuka maji marefu, mafuta hayo yakionekana meupe kama maziwa, maji yamepenya, na yabadilishwe bila kungoja zamu ya huduma.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Tukirudi kwenye kisa chetu, ni nani aliyelivunja gari lile? Wapo watakaomtaja koplo, kwa kuwa alisikia mlio akanyamaza. Wapo watakaomtaja sajini. Sisi twaona kwamba gari lilivunjwa na kicheko. Koplo alifanya kazi yake siku ya kwanza: aliingia chini ya gari bila kutumwa, akaona, akaripoti. Alichokipata ni mzaha mbele ya wenzake. Mtu akichekwa kwa kusema dogo, kubwa atalimeza. Hata kama sajini alikuwa na sababu ya kuliruhusu gari liende siku ile, na huenda alikuwa nayo, kwani gari lilikuwa moja na kazi ilikuwa nyingi, angeweza kusema: "Andika katika daftari. Jioni tutalitazama pamoja." Maneno hayo yasingemgharimu lolote. Buti lingeagizwa wiki ile ile, na lingefika kabla ya mlio.

Kwa hiyo twamwomba dereva aandike anachokiona, hata kama ni doa moja, kwani neno la mdomo husahauliwa na daftari hukumbuka. Twamwomba fundi asimdharau dereva asiyejua majina ya vyuma, kwa sababu dereva ndiye anayelala na kuamka na gari. Nao maafande wetu, tukiwapa heshima yao yote, twawaomba jambo moja: mnapokagua mabuti ya askari asubuhi, piteni pia nyuma ya magurudumu ya mbele. Kateni usukani, inameni, tazameni mikunjo. Ni kazi ya dakika mbili kwa kila gari, na askari atakayemwona afande wake ameinama chini ya bodi ataelewa, bila kuhutubiwa, kwamba jambo hilo lina uzito.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliotembea katika mchanga wa mto ule usiku, turubai likitukata mabega, twajua kwamba ziko saa ambazo hata ukuta hapana nafasi ya kuujenga. Mgonjwa wetu alipona na akarudi kazini. Mwezi uliofuata tulimkuta asubuhi moja amepiga magoti kando ya pikapu, tambara mkononi, akikunjua buti jipya mkunjo kwa mkunjo. Hakuwa dereva, wala hakuna aliyemwamuru.

Tulimwuliza anatafuta nini. Akajibu, bila kuinua kichwa, "Natafuta doa, afande."